Namna ya Kumwandaa Mwanafunzi wa Uuguzi Kuhudumia Wagonjwa wa Jamii Mbalimbali

Mwanafunzi wa uuguzi aliyekulia na kusomea Bukoba anaweza kujikuta, muda mfupi baada ya kupata leseni, amepangiwa kituo cha afya Mbulu, Kilwa au Kasulu, mahali ambapo hajui wazee wanasalimiwaje, wanawake wamezoea kujifungua katika mkao gani, wala ni nani katika familia mwenye kauli ya mwisho mgonjwa anapotakiwa kulazwa. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na muuguzi hupelekwa penye uhitaji, hapelekwi kwa watu wa kwao. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2021, zinamtaka amhudumie kila mtu bila kubagua umri, rangi, utamaduni, kabila, ulemavu, dini wala hali ya maisha. Hata hivyo, kanuni peke yake haimfundishi mtu aseme nini anaposimama mbele ya mama asiyeelewa lugha yake. Mwongozo huu unawalenga wakufunzi wa vyuo vya uuguzi na ukunga, pamoja na wauguzi wa wodini wanaopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Njia iliyozoeleka ya kufundisha somo hili ni kumpa mwanafunzi orodha ya makabila na dini, pamoja na mambo ambayo kila kundi linapenda na linayokataa. Ninashauri orodha hiyo iachwe. Wamasai wawili waliolazwa wodi moja, mmoja mlinzi aliyeishi Dar es Salaam kwa miaka mingi na mwingine aliyetoka bomani Ngorongoro jana, hawahitaji huduma ya namna moja, na mwanafunzi aliyekariri kwamba Wamasai hufanya hivi au vile hatamuuliza hata mmoja wao. Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyeasisi tawi la uuguzi linaloshughulikia tamaduni, alikwenda kuishi na Wagadsup wa New Guinea mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ajifunze kutoka kwao. Mwanafunzi wetu hana nafasi ya kuishi na kila jamii, lakini anaweza kufundishwa kuuliza, kutazama na kurekebisha huduma. Haya matatu ndiyo yanayofaa kupewa saa za darasani.

Kuanza na mwanafunzi mwenyewe

Katika muhula wa kwanza, mpe kila mwanafunzi kazi ya kuandika ukurasa mmoja au miwili kuhusu nyumbani kwao: mtoto akishikwa na homa usiku wa manane hufanyiwa nini kwanza, mzazi hukaa ndani kwa muda gani na hula nini, mwanamume akiumia anaruhusiwa kulia, na marehemu huoshwa na nani. Kazi hii isipewe alama, wala mtu yeyote asilazimishwe kuisoma mbele ya wenzake, kwa sababu baadhi ya mambo ya nyumbani ni ya siri au ya uchungu. Wale walio tayari wasomeane, na mkufunzi naye aandike yake na kuisoma. Mwanafunzi kutoka Pemba, anayejua kwamba mzazi hupewa uji wa pilipili manga, atamsikia mwenzake wa Rombo akieleza habari ya mtori, na wote wawili watagundua kwamba walichodhani ni jambo la watu wote ni desturi ya kwao.

Jadili pia utani wa makabila. Utani ni urithi mzuri, na umewasaidia Watanzania kuishi pamoja bila chuki, lakini unawafaa watu walio sawa. Mgonjwa aliye kitandani, mwenye maumivu, anayemtegemea muuguzi kwa dawa na hata kwa beseni la kukojolea, hana uwezo wa kujibu utani, hivyo mwanafunzi aelekezwe asiuanze yeye. Aelezwe vilevile kwamba kabila na dini si sababu pekee za watu kubaguliwa. Ninavyoona, dharau inayoumiza zaidi katika wodi zetu huelekezwa kwa maskini: mama aliyekuja bila kanga za kutosha, aliyevaa viatu vya tairi, asiyejua kusoma kadi yake ya kliniki. Mkufunzi asipoitaja dharau hiyo waziwazi, mwanafunzi atamaliza masomo akiamini kwamba yeye si mbaguzi kwa kuwa tu hamchukii mtu wa kabila jingine.

Kumfundisha kuuliza

Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na wenzake, walitoa mwaka 1978 maswali machache ambayo bado ni chombo bora cha kazi hii. Yakisemwa kwa Kiswahili cha wodini yanakuwa hivi: Wewe mwenyewe unaona tatizo hili limetokana na nini? Unadhani kwa nini limeanza wakati huu? Linakusumbua vipi katika kazi na familia yako? Unaona linahitaji tiba gani? Ni kitu gani kinachokutia hofu zaidi? Kwa mazingira yetu ninaongeza moja ambalo mwanafunzi asilikose kamwe: Kabla ya kuja hapa, nyumbani mmeshafanya nini au mmetumia dawa gani? Swali hili lisiulizwe kwa sauti ya polisi. Mgonjwa akihisi anahukumiwa, atasema hajatumia chochote, na dawa ya mitishamba aliyokunywa asubuhi haitaandikwa katika faili.

Umuhimu wa maswali haya unaonekana vizuri katika degedege. Katika jamii nyingi za Pwani, mtoto anayekakamaa na kugeuza macho hudhaniwa kuwa ameingiliwa na shetani mwenye umbo la ndege, na baadhi ya wazazi huamini kwamba mtoto wa aina hiyo akichomwa sindano atakufa. Kwa sababu hiyo huanzia kwa mganga, mtoto hufukizwa au kukandwa kwa dawa, na akifika hospitali malaria kali au homa ya uti wa mgongo imekwisha kumdhoofisha. Mwanafunzi anayemfokea mama huyo kwa kuchelewa anamthibitishia kila mama aliyepo kwenye benchi kwamba hospitali si mahali pa kusema ukweli. Mfundishe kufuata utaratibu: kwanza aokoe maisha, yaani njia ya hewa iwe wazi, sukari ya damu ipimwe, na dawa ya kuzuia mtukutiko itolewe kama ilivyoagizwa. Wakati mikono ya wauguzi ikifanya kazi hiyo, mmoja wao azungumze na mama kwa upole na kumweleza sindano inayotolewa ni ya nini kabla haijachomwa. Mtoto akishatulia, ndipo maswali yaulizwe. Muuguzi hahitaji kukubaliana na habari ya ndege, lakini anahitaji kuijua, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama mama huyu atakuja mapema siku nyingine.

Mazoezi yafanyike wawili wawili, mmoja akiwa mgonjwa mwenye maelezo aliyopewa kwa siri na mwingine akiwa muuguzi. Dakika tano zinatosha. Mkufunzi asikilize kitu kimoja hasa: mwanafunzi alinyamaza kwa muda gani baada ya kuuliza? Wengi huuliza swali zuri kisha hulijibu wenyewe kabla mgonjwa hajafungua kinywa.

Lugha na mkalimani

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika eneo la Mbulu, inahudumia watu wa asili nne zilizo mbalimbali kabisa kwa lugha: Wairaqw ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga wa Kiniloti, Wanyiramba na Wanyisanzu wa Kibantu, na Wahadzabe ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haina udugu uliothibitishwa na nyingine yoyote. Wengi wao wanajua Kiswahili, ila mara nyingi hawakijui kwa kiasi cha kueleza maumivu ya tumbo la uzazi au kuelewa kwa nini dawa imalizwe hata baada ya nafuu, na wazee na wanawake ndio wanaoachwa nyuma zaidi. Mwanafunzi atakayefanya kazi katika eneo la aina hiyo lazima ajue kumtumia mkalimani, na ujuzi huu unafundishika kama ujuzi wa kufunga dripu.

Mkalimani akae pembeni kidogo ya mgonjwa, na muuguzi amtazame mgonjwa, si mkalimani. Azungumze moja kwa moja, “Mama, maumivu yalianza lini?”, asiseme “Muulize maumivu yalianza lini.” Atumie sentensi fupi na asubiri kila moja itafsiriwe. Mgonjwa akizungumza kwa dakika mbili na mkalimani akaleta maneno matatu, mwanafunzi aombe kwa adabu aelezwe yote. Mtoto wa mgonjwa asitumiwe kama mkalimani, hasa katika mambo ya uzazi, virusi vya UKIMWI au ukatili wa nyumbani, na mume asiwe mkalimani pekee wa mkewe, hata anapokuwa mtu mwema. Kila wodi iwe na orodha ya watumishi wanaojua lugha za eneo hilo, wakiwemo wahudumu wa afya na wafanya usafi, nao wafundishwe kutunza siri kabla ya kuitwa kitandani.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba hata Kiswahili kwa Kiswahili kinaweza kupotosha. Katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996, wakimbizi kutoka Kongo huzungumza Kiswahili chao, chenye msamiati na matamshi tofauti na ya Dodoma au Tanga, na kwa kuwa pande zote mbili zinadhani zimeelewana, hakuna anayeuliza tena. Dawa ya hili ni kumwomba mgonjwa arudie: “Baba, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utakunywaje dawa hizi?” Kosa likionekana, muuguzi ajilaumu yeye kwa maelezo yake na aeleze upya. Katika hili kuna kikwazo cha mfumo wetu pia, kwani mwanafunzi husoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza, kisha hutakiwa kueleza yote kwa Kiswahili siku anapoingia wodini. Kwa kila mada ya ugonjwa, mpe zoezi la kuueleza kwa Kiswahili cha kawaida kwa mtu ambaye hakusomea afya.

Kwa mgonjwa kiziwi, mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania ndiye anayehitajika, na kuandika kwenye karatasi kusidhaniwe kuwa kunatosha, maana si kila kiziwi amepata nafasi ya kusoma. Kwa asiyeona, mwanafunzi ajitambulishe kwa jina na kusema anachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

Ngozi isiyooneshwa katika vitabu

Vitabu vingi tunavyotumia viliandikwa Ulaya na Marekani, na dalili zilizomo zimeelezwa kwa ngozi nyeupe: upele mwekundu, midomo ya bluu, ngozi iliyoiva. Mwanafunzi anayezisubiri dalili hizo kwa Mtanzania mweusi ataziona zikiwa zimechelewa au hataziona kabisa. Upungufu wa damu autafute viganjani na ndani ya kope la chini. Upungufu wa oksijeni autafute kwenye ulimi na fizi. Manjano ya mtoto mchanga ayatafute machoni na kwenye nyayo, na abonyeze ngozi ya paji la uso au ncha ya pua kwa kidole katika mwanga wa mchana. Vidonda vya kulalia huanza kwa wekundu usioonekana kwenye ngozi nyeusi, hivyo apapase juu ya mfupa wa kiuno na visigino akilinganisha joto, ugumu na maumivu na sehemu ya jirani.

Hata mashine zina upungufu huu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba, kati ya vipimo ambavyo kifaa cha kidoleni kilisoma oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kutomwacha mgonjwa anayehema kwa shida kwa kuridhishwa na tarakimu.

Mtu mwenye ualbino ana mahitaji yaliyo kinyume cha hayo. Kila anapokuja, hata akija kwa jino, mwanafunzi aombe ruhusa ya kutazama ngozi ya uso, masikio, shingo na mikono, akitafuta kidonda kisichopona, kwa sababu saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema huondolewa kwa upasuaji mdogo. Asimlaze karibu na dirisha lenye jua, amwandikie kwa herufi kubwa, na ajue anakopatikana losheni ya kukinga jua, kama ile inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Akumbuke pia kwamba katika nchi hii watu hawa wamewindwa kwa sababu ya imani za kishirikina, kwa hiyo swali la kama anajisikia salama anakokaa ni swali la kiuguzi.

Imani, chakula na uzazi

Ramadhani inatosha kuwa kipindi kizima cha darasa. Mgonjwa wa kisukari Mwislamu anapaswa kuzungumziwa wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, ili daktari apange upya dawa kati ya daku na futari. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, lakini mwanafunzi asiye Mwislamu asisome aya hiyo kama amri. Amshauri mgonjwa azungumze na sheikh anayemwamini. Kilicho juu ya muuguzi ni kumwambia wazi kwamba sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipanda zaidi ya 16.6 afungulie papo hapo, na kwamba, kwa rai ya wanazuoni wengi, kujichoma kidole ili kupima hakubatilishi saumu.

Katika uzazi, heshima na tiba zimekaribiana kuliko mahali pengine. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linataka mama apate msindikizaji anayemchagua na mkao anaoutaka wakati wa kujifungua. Mwanafunzi wa ukunga afanye mazoezi ya kumzalisha mama aliyechuchumaa au aliyelala ubavu, maana asipozoea chuoni atamlazimisha kila mama kulala chali. Wodi ikiwa ya wazi, mapazia na kanga hutosha kumpa msindikizaji mahali pa kukaa bila kuwavunjia faragha wengine. Kabla ya kutupa kondo la nyuma, aulize, kwa kuwa familia nyingine hutaka kulizika wenyewe. Baadhi ya jamii, wakiwemo Wamasai, hupunguza chakula cha mjamzito katika miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa. Hapa hofu ni uzazi mgumu, na ushauri usiojibu hofu hiyo hautasikilizwa.

Mwanamke akiomba ahudumiwe na muuguzi wa kike, atafutiwe. Akikosekana, aelezwe ukweli na aulizwe nani akae naye.

Mambo yasiyoachwa kwa jina la mila

Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza, heshima inaishia wapi. Jibu lisiwe la kuzunguka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na muuguzi hashiriki, hashauri njia salama zaidi, wala hanyamazi anapojua mtoto yuko hatarini. Lakini mwanamke mzima aliyekwisha kukeketwa anakuja kama mgonjwa, si kama mtuhumiwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionesha mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa amekeketwa, hivyo mwanafunzi atakutana naye. Afundishwe kutoonesha mshtuko usoni, kutowaita wenzake waje kutazama, na kutambua kovu linaloweza kuleta shida ya uzazi ili wakunga wajiandae mapema.

Mtu mzima wa Mashahidi wa Yehova anayekataa kuongezewa damu akiwa na akili timamu na maelezo kamili, uamuzi wake uandikwe na daktari aitwe mara moja; hatishwi wala hapewi damu kwa siri. Kwa mtoto jambo hilo huenda kwa daktari na uongozi wa hospitali bila kuchelewa, na mwanafunzi asibebeshwe peke yake.

Wodini na katika mtihani

Yote haya huweza kufutika ndani ya wiki moja ya mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi akimkuta muuguzi mzoefu anayemwita mgonjwa kwa namba ya kitanda. Chagueni wasimamizi kwa mwenendo wao kwa wagonjwa, hata kama wengine wana cheo kikubwa zaidi, na mkutane nao kabla wanafunzi hawajafika. Mwisho wa kila wiki, mkufunzi akae na kikundi kidogo kwa nusu saa, na kila mmoja aeleze habari ya mgonjwa mmoja, bila jina, ambaye hakumwelewa vizuri: alidhani nini, aliuliza nini, alibadilisha nini. Wanafunzi watalalamika kwamba muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 usiku hana muda wa maswali sita. Malalamiko hayo ni ya kweli na yaheshimiwe. Waambie wachague mawili, lile la dawa za nyumbani na lile la hofu, na wayaulize wakiwa wanapima joto au wanabadilisha shuka. Yaliyojibiwa yaandikwe katika faili na yasemwe wakati wa kukabidhiana zamu, ili mgonjwa asihojiwe upya kila asubuhi.

Somo lisilopimwa husomwa kwa mlango wa nyuma. Katika mtihani wa vitendo, wekeni kituo kimoja chenye mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa, ikiwezekana mkazi wa jamii inayozunguka chuo anayelipwa kwa kazi yake, na mkalimani pembeni. Mkufunzi atoe alama za usalama na usahihi, na mwigizaji naye atoe alama zake kwa maswali mawili: je, alisikilizwa, na je, anajua afanye nini akifika nyumbani? Alama zake ziwe na uzito unaoweza kumfelisha mtahiniwa. Anayeshindwa kituo hiki arudie kama anavyorudia aliyeshindwa kupima shinikizo la damu, na arudie kwa mgonjwa mwingine, asiyetoka katika jamii ya yule wa kwanza.